Matumizi ya Muziki na Sauti katika Uundaji wa Kurasa za Intaneti: Mfano wa Somo la Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anayejifunza kuunda kurasa za intaneti hufundishwa kwanza maandishi, kisha picha. Sauti huja mwisho, tena aghalabu huja kama pambo. Makala haya yanadai kwamba mpangilio huo hauifai kazi ya kufundishia Kiswahili, kwa kuwa yapo mambo ya lugha hii ambayo maandishi ya kawaida hayayaonyeshi na ambayo sikio huyatambua mara moja.

2.0 Muziki kama Pambo

Katika miaka ya 1990 kivinjari cha Internet Explorer kilikuwa na amri iliyoufanya muziki uanze kulia mara tu ukurasa ulipofunguliwa. Waundaji wengi walitumia faili za MIDI kwa sababu ya wepesi wake. Sauti iliyorekodiwa kwa kiwango cha CD huwa na sampuli 44,100 kwa sekunde, kila moja ya biti 16, katika njia mbili. Hizo ni baiti 176,400 kwa sekunde, au zaidi ya milioni 10 kwa dakika. Modemu ya biti 28,800 kwa sekunde, hata ilipofanya kazi bila dosari, ilihitaji dakika 49 kuleta dakika moja tu ya sauti hiyo.

Faili ya MIDI haibebi sauti. Hubeba maagizo: noti ipi ipigwe, lini, kwa nguvu gani na kwa ala ipi, sauti yenyewe hutolewa na kompyuta ya msikilizaji. Wepesi huo una gharama. Kwanza, mwimbaji hayumo, na taarabu isiyo na mwimbaji imepoteza ushairi wake. Pili, orodha sanifu ya ala 128 iliyotolewa mwaka 1991 ina kalimba, sitar na koto, lakini haina udi wala kanuni. Anayetaka kuupamba ukurasa kwa taarabu ya Unguja kwa njia hiyo hulazimika kuazima ala nyingine, na msikilizaji aijuaye taarabu hugundua mara moja kwamba mwenyeji hayupo.

Mfumo wa MP3 uliondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo. Kwa kuacha yale ambayo sikio halitambui kwa urahisi, dakika moja huweza kupunguzwa hadi baiti 960,000.

3.0 Sauti kama Somo

Neno barabara latosha kuonyesha hoja. Mkazo ukiwa katika silabi ya pili kutoka mwisho, maana yake ni njia. Ukiwa katika silabi ya tatu kutoka mwisho, maana yake ni sawasawa. Tahajia ni ile ile. Vivyo hivyo, katika lahaja za pwani kama Kimvita, paa la nyumba hutamkwa bila mpumuo, ilhali paa mnyama hutamkwa kwa mpumuo. Kaa la moto na kaa wa baharini hutofautiana kwa namna hiyo hiyo. Mwalimu aweza kuueleza mpumuo kwa ukurasa mzima na mwanafunzi asiupate. Rekodi ya sekunde 2 humpa.

Rekodi yenyewe yataka uangalifu. Maikrofoni ikiwekwa mbele ya mdomo kabisa, pumzi ya p huigonga na kutoa kishindo kinachofunika tofauti inayofundishwa. Heri iwekwe kando kidogo. Programu za kuondoa kelele nazo zisitumike ovyo, maana huweza kuuchukua mpumuo kuwa ni kelele.

Ama kuhusu sauti inayojianzisha, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2008 juu ya ufikikaji wa kurasa unataka sauti ya namna hiyo inayozidi sekunde 3 iwe na njia ya kuisimamisha au kuipunguza. Sababu ni ya kibinadamu: msomaji asiyeona huusikiliza ukurasa kupitia programu inayomsomea kwa sauti, na muziki wa pambo huyafunika maneno yake. Katika somo la matamshi, basi, kila neno liwe na kitufe chake, chenye maandishi yanayolitaja neno pamoja na maana yake, na vitufe vya maneno mawili yanayolinganishwa viwekwe bega kwa bega, ili mwanafunzi aweze kusikia paa la nyumba, kisha paa wa porini, kabla sauti ya kwanza haijamtoka sikioni.