Wasiwasi Hauharibu IVF, ila Unachosha

Mwanamke akianza matibabu ya kutafuta mtoto kwa IVF, yaani yai kurutubishwa maabara, ushauri wa kwanza anaopewa, tena na watu wasioijua hata sindano anayochoma, ni huu: "Punguza mawazo, utashika." Husemwa kwa nia njema. Lakini mimba isiposhika, maneno hayohayo humrudia kama hukumu: kumbe ni mimi, niliwaza mno.

Hukumu hiyo haina msingi. Mwaka 2011 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchambuzi wa Jacky Boivin na wenzake, uliounganisha tafiti 14 zenye wanawake 3,583. Wasiwasi au huzuni ya kabla ya matibabu haikuonekana kuamua nani apate mimba na nani aikose. Umri wa mama, mayai, mbegu na hali ya kiinitete ndivyo vyenye uzito. Ni kweli msongo mkali, hasa ukiandamana na kukonda, unaweza kuvuruga hedhi na upevukaji wa yai. Kwenye IVF, hata hivyo, mayai hukuzwa kwa homoni na daktari huyafuatilia kwa ultrasaundi.

Wasiwasi ushughulikiwe kwa sababu nyingine: unaumiza, na huwafanya wengi waache matibabu njiani wakiwa bado wana nafasi.

Anza na watu. Kabla ya sindano ya kwanza, kubalianeni wewe na mwenzio nani aambiwe. Kila anayejua tarehe ya kipimo atapiga simu siku hiyo, jibu liwe zuri au baya. Mama mkwe na mawifi aongee nao mume, ni watu wake. Jibu moja linamtosha: "Tunaendelea na hospitali, kukiwa na jambo mtalisikia kwetu." Naye apimwe mbegu mapema, maana kwa karibu nusu ya wanandoa wanaohangaika, tatizo liko kwa mwanamume pia. Mzigo ukishajulikana ni wa wawili, hata maneno ya ukweni hupungua makali.

Upande wa fedha, uliza mapema kama bei uliyotajiwa inajumlisha dawa, na mpange mtajaribu mara ngapi kabla ya kusimama kutafakari. Uamuzi huo ni mgumu kuufanya siku ya machozi.

Kipindi kigumu kuliko vyote ni zile wiki mbili baada ya kiinitete kupandikizwa. Huna miadi ya kliniki kila siku, kwa hiyo unabaki kuusikiliza mwili, na mwili utakudanganya. Projesteroni unayotumia hujaza matiti na kuvimbisha tumbo, sawasawa na mimba. Sindano ya kukomaza mayai, ikiwa ni ya hCG, homoni ileile inayotafutwa na kipimo cha mimba, inaweza kubaki mwilini siku kumi au zaidi, hivyo kipimo cha mkojo cha mapema kinaweza kuonyesha mistari miwili pasipo mimba. Usiweke vipimo nyumbani. Subiri kipimo cha damu, na ukiona matone ya damu usiache dawa kabla ya kuongea na kliniki.

Kulala kitandani siku nzima hakusaidii kiinitete kujishika. Nenda kazini kama kazi si ya sulubu, tembea, pika. Siku ya majibu ndiyo ya kuombea ruhusa: chagua mapema utayapokelea wapi na nani awe karibu, usije ukayasikia ndani ya daladala. Mawazo yakikuzidi usiku, yape muda wake, tuseme dakika ishirini jioni na daftari, kisha lifunge. Mitishamba ya "kusafisha kizazi" iache kabisa katika kipindi hiki. Hakuna ajuaye inavyochanganyika na homoni zako.

Usingizi ukipotea wiki mbili mfululizo, chakula kikakataa, au ukaanza kutamani kufa, mwambie daktari na uombe mshauri nasaha; hilo la mwisho lisisubiri hata siku moja. Na kama tayari unatumia dawa za sonona, usizikatishe mwenyewe kwa ajili ya matibabu ya uzazi. Daktari wa uzazi na yule aliyekuandikia dawa hizo, wote wawili wajue unachomeza.