Kuzuia Pumzi Wakati wa Kipimo cha MRI ya Tumbo

Mgonjwa anayetumwa kupigwa picha ya MRI ya tumbo kwa kawaida huambiwa asile kwa saa chache na avue kila kitu cha chuma. Wengi hawaelezwi mapema kwamba ubora wa picha utategemea sana pumzi yao wenyewe.

Ini limekaa chini ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Mtu anapovuta pumzi, kiwambo hushuka na kulisukuma ini sentimita moja au zaidi. MRI nayo si kamera ya simu. Picha moja ya ini lote huchukua kama sekunde 15 hadi 20. Ini likisogea katika muda huo, picha hutoka na ukungu, na uvimbe mdogo unaweza kufichika humo.

Kuna sekunde zisizokubali makosa. Mgonjwa hudungwa mshipani dawa ya kung'arisha picha, yenye madini ya gadoliniamu. Baada ya takriban nusu dakika, dawa huwa imejaa katika ateri za ini. Saratani inayoanzia kwenye ini hupata damu yake nyingi kutoka ateri hizo, kwa hivyo mara nyingi hung'aa kwa muda mfupi, kisha hufifia. Picha hiyo ikiharibika, haiwezi kurudiwa papo hapo kwa kuwa dawa imeshapita. Huenda mgonjwa akaitwa siku nyingine, adungwe tena, na nauli ni ile ile.

Mazoezi husaidia. Jioni kabla ya kipimo, mgonjwa alale chali, avute pumzi, aitoe, kisha asipumue kwa sekunde 15, arudie mara kadhaa. Wahudumu wengi hupendelea pumzi izuiwe baada ya kutolewa, kwani hapo ini hurudi karibu mahali pale pale kila mara. Wapo wanaoweza tu wakiwa wamejaza hewa. Hilo lisemwe kabla ya kuanza, pamoja na ugonjwa wa figo, ujauzito au mzio wa dawa.

Mwenye pumu, kikohozi au maumivu asione haya kusema hawezi. Mashine inaweza kupangwa ipige picha fupi zaidi, na baadhi hupiga mgonjwa akiendelea kupumua taratibu. Asiyeelewa Kiingereza au asiyesikia vizuri akubaliane na mhudumu kuhusu maneno au ishara itakayotumika, maana ndani ya mashine kuna kelele nyingi.