Maksai, Majani na Mkutano wa Kijiji

Ukimuuliza mkulima kinachomkwamisha, atakutajia mvua, mbolea na bei, na hatakuwa amekosea. Lakini yapo mengine yanayokula mavuno ambayo hayasubiri Dodoma: mfereji uliojaa mchanga, mapito ya mifugo yaliyolimwa, shamba moja lenye wenyewe wawili. Hayo huamuliwa kijijini, au huachwa bila kuamuliwa mpaka watu washikane mashati. Kijitabu hiki kinashikilia kwamba serikali ya kijiji inayofanya kazi ni pembejeo, sawa na mbegu na samadi.

Ushahidi mzuri uko Shinyanga. Huko mvua za kwanza zinapodondoka, anayewahi kulima ni mwenye maksai wenye nguvu. Waliokondeshwa na kiangazi hulala kwenye mtaro, plau ikabaki imezama huku unyevu ukipotea. Ndiyo maana Wasukuma walikuwa na ngitili: eneo linalofungwa mvua zinapoanza, majani yakaachwa yakue na kukaukia papo hapo, kisha likafunguliwa kiangazi kinapokaza. Ufyekaji wa miti kwa ajili ya pamba na hamahama ya Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijiji vya pamoja miaka ya 1970, viliuvunja utaratibu huo, kwani aliyehamishwa hakuweza kulinda eneo aliloliacha nyuma. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 makadirio yalipita hekta 300,000. Bustani za miche zina nafasi yake, lakini eneo la ukubwa huo halipandwi kwa ndoo na chepeo. Liliota lenyewe pale wanakijiji walipokubaliana lisiguswe: dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, ikapanga faini, sungusungu, walinzi wa jadi, wakasimamia, na serikali za vijiji zikayatia makubaliano hayo kwenye sheria ndogo.

Hilo la sheria ndogo watu hulipuuza. Makubaliano ya mdomo humbana jirani anayeona haya. Hayambani mpita njia mwenye kundi kubwa la ng'ombe, wala tajiri wa mjini anayetaka kukodi bonde zima. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 imeonyesha njia: halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, huandaa rasimu, huifikisha kwenye mkutano mkuu watu waseme yao, kisha huiombea idhini kwa halmashauri ya wilaya. Hapo mwisho ndipo rasimu inapoweza kulala kabatini, kwa hiyo diwani aulizwe kila akija kijijini imefika wapi.

Wapo wanaosema viongozi wa kijiji ndio wanaouza ardhi na kula michango, hivyo kuwaongezea nguvu ni kumkabidhi fisi bucha. Neno hilo lina uzito. Hata Shinyanga, wenye ardhi nyingi ndio waliofaidi zaidi ngitili. Ila mwaka 1972 halmashauri za wilaya zilifutwa, kazi zake wakapewa watumishi wa serikali kuu mikoani na wilayani, na ikabidi zirudishwe mwaka 1984 huduma zikiwa zimezorota. Kupandisha uamuzi juu hakuondoi ulaji. Kunauweka tu mbali na macho. Kijijini, mkutano mkuu una uwezo kisheria wa kumwondoa mjumbe, hata halmashauri nzima, na baraza la ardhi la kijiji lina watu 7, wakiwemo wanawake 3. Uwezo huo haufai kitu mkutano usipoitishwa kila miezi mitatu, au ukiitishwa saa tatu asubuhi wakati wa palizi ili watu wasije.

Pingamizi la fedha ni gumu zaidi. Ushuru wa mazao hukusanywa na halmashauri ya wilaya. Mwaka wa fedha 2017/2018 ushuru huo ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Kisheria mlipaji ni mnunuzi, ingawa kila mkulima anajua kwamba mnunuzi huukata kwenye bei kabla hajafungua pochi. Kijiji kinaweza kutoa magunia msimu mzima kisione hata kalavati moja. Tunaona ni haki sehemu ya ushuru irudi ulikotoka, na wilaya isiyorudisha ieleze kwa nini. Dai hilo halijengwi kwa manung'uniko ya kilabuni. Linahitaji daftari: magunia mangapi yametoka, yamenunuliwa na nani, kwa stakabadhi zipi, jumla ikabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji kwa mwandiko unaosomeka, na kusomwa mkutanoni kwa wasiojua kusoma. Diwani akienda na daftari hilo kwenye kikao cha bajeti, ataombea kalavati kwa hesabu ya magunia yaliyopita barabara hiyo hiyo.