CHENGA ZA CHUMA NA GUNDI YA MAKAA YA MAWE

Nyumbani kwetu vumbi la makaa halitupwi. Mama hulichanganya na udongo na maji, akafinyanga madonge na kuyaanika juani. Basi mwalimu wa kemia alipotaja chenga za mawe ya chuma, nikauliza: je, hizo nazo si zifinyangwe vivyo hivyo? Darasa zima likaangua kicheko. Kumbe swali halikuwa la kijinga!

Mawe ya chuma yakichimbwa na kupondwa, sehemu yake huwa chenga na unga. Unga huo haufai kumwagwa hivi hivi katika tanuri refu la kuyeyushia chuma. Hewa ya moto hupulizwa kutoka chini, nayo lazima ipate mianya ya kupandia. Unga huiziba. Viwanda vingi huuchoma kwanza ili ushikane. Njia nyingine ni kuubana uwe madonge.

Kwa nini basi wasitumie udongo kama Mama? Udongo huongeza tu mavi ya chuma (msicheke, ndilo jina lake) na kula moto bure. Molasi nayo hushika vizuri kungali baridi, lakini huungua mapema na donge likamomonyoka.

Hapo ndipo makaa ya mawe huingia. Si yote, la. Yako ya aina ambayo yakifika nyuzi joto 400 hivi hulainika mfano wa lami. Yakisagwa, yakachanganywa na chenga na kubanwa kwa mashine yangali moto, hupenya kati ya chembe na kuzishika. Tena si gundi tu. Joto likipita nyuzi 1000 hivi, kaboni yake hunyang'anya madini oksijeni:

Fe2O3 + 3C → 2Fe + 3CO

Hebu tupige hesabu (Fe = 56, O = 16, C = 12). Kilo 160 za hematiti safi zahitaji kilo 36 za kaboni, na chuma kitakachopatikana ni kilo 112. Kwa kuwa chembe zimegusana, kazi huenda upesi kuliko jiwe kubwa linalongoja gesi ilipenye polepole.

Walakini matatizo yapo. Makaa ya mawe huwa na salfa, nayo ikiingia katika chuma hukifanya kipasuke kikifuliwa kingali moto. Pia ukiyapasha kupita kiasi kabla ya kubana, ule ulaini huisha na donge halishiki tena.

Nilipomweleza Mama yote haya alinisikiliza vizuri, kisha akauliza, "Na hayo makaa yanayolainika, mwanangu, debe ni pesa ngapi?"