Sanaa ya Kuishika Hadhira

Kila Ijumaa jioni chama chetu kinapokuwa na mdahalo, mimi hupenda kuketi nyuma ya ukumbi na kuwatazama wasikilizaji badala ya msemaji. Nimeona mtu mwenye Kiswahili sanifu kama cha kitabuni akiwalaza watu usingizi. Halafu anasimama mwingine ambaye ngeli zinampiga chenga, na ghafla ukumbi unatulia tuli. Jameni, siri ni gani?

Jibu nililolipata ni fupi: hadhira hushikwa inapopewa kazi ya kufanya. Mtu mwenye kazi mkononi hasinzii. Hebu tulipime jibu hili kwa fanani, msemaji, mwandishi na mtengenezaji wa filamu, tuone kama litasimama.

Fanani

Tuanze na fasihi simulizi, maana mwacha asili ni mtumwa. Fanani husema, "Paukwa!" Nasi hujibu, "Pakawa!" Hadithi yenyewe haijaanza, lakini tayari sisi tumeshatamka neno letu na tumo ndani. Katikati ya hadithi huja wimbo, na kibwagizo ni chetu. Fanani akitaka kupumzika, anatuachia tuimbe.

Kitendawili ni hivyo hivyo. "Kitendawili!" "Tega!" Tukishindwa kukitegua, mtegaji anadai mji. Basi msikilizaji ana kazi, na tena ana kitu cha kupoteza. Ndiyo maana hata mtoto mdogo hukesha na vitendawili ilhali darasani anapiga miayo saa nane mchana.

Msemaji

Mzee Jomo Kenyatta alipopaza sauti "Harambee!" kwenye mikutano yake, umati uliitikia kwa kishindo. Hiyo ilikuwa Paukwa na Pakawa ya siasa. Rais Moi naye, aliyetawala kuanzia 1978 hadi 2002, alikuwa na desturi katika sikukuu za kitaifa ya kusoma hotuba iliyoandikwa kwa Kiingereza, kisha kuiweka kando na kuzungumza Kiswahili bila karatasi. Wazazi wetu wanasema watu walikuwa wakiingoja sehemu hiyo ya pili. Katika ile ya kwanza mwananchi alikuwa akisomewa, katika ya pili alikuwa akiambiwa.

Redioni tulikuwa na marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025. Kipindi chake kilianza mwaka 1966 na kilidumu zaidi ya miaka 50. Kiliitwa "Je, Huu ni Ungwana?" Tazameni jina lenyewe: ni swali. Angeeleza tabia fulani ya utovu wa adabu, halafu akakuachia wewe uamuzi. Msikilizaji aligeuka hakimu. Kama Mbotela angekiita "Mafunzo ya Adabu Njema", sidhani watu wangekaa karibu na redio.

Mwandishi

Mwandishi hamwoni msomaji wake, kwa hivyo yeye hutumia taharuki. Kwa ufupi, taharuki ni swali lililoulizwa mapema na kujibiwa kwa kuchelewa. Katika Siku Njema (1996), marehemu Ken Walibora anatupa kijana Kongowea Mswahili anayesimulia maisha yake mwenyewe. Swali ni moja: baba yake yuko wapi? Swali hilo hutuvuta kutoka Tanga hadi upande huu wa mpaka, hata msomaji mvivu.

Muhammed Said Abdulla wa Unguja alifanya hivyo zamani zaidi katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Mtu ameuawa, na Bwana Msa na kiko chake anachunguza. Msomaji naye anachunguza, akitaka kumshinda Bwana Msa kumjua muuaji. Ni kazi tamu hiyo!

Hapa nawaomba wa kidato cha nne wanisikize vizuri. Mtahini ni hadhira pia. Sote tunaijua ile insha inayoanza kwa jua kuchomoza, ndege kuimba na umande kumetameta, hata kama kisa chenyewe ni cha ajali ya matatu. Mtahini ameshaisoma mara ngapi? Linganisha na mwanzo huu: "Barua ilikuwa na jina langu, lakini mwandiko ulikuwa wa mtu tuliyemzika mwezi wa Machi." Hakuna msamiati mgumu hapo, wala methali. Lakini nani ataiweka chini?

Mtengenezaji wa filamu

Alfred Hitchcock, mwelekezi wa filamu kutoka Uingereza, alilieleza jambo hili kwa mfano maarufu. Watu wawili wanazungumza mezani, na chini ya meza kuna bomu. Watazamaji wasipojua, bomu likilipuka watashtuka kwa sekunde 15 tu. Wakijua kwamba bomu lipo na saa inasonga, watakaa roho juu kwa dakika 15, wakitamani kuwapigia wale wawili kelele watoke. Mazungumzo ni yale yale. Tofauti ni kwamba mtazamaji amepewa mzigo wa kubeba.

Katika filamu ya Jaws (1975), Steven Spielberg alikuwa na papa wa mitambo ambaye aliharibika mara kwa mara baharini. Ikabidi aonyeshe maji, watu wanaoogelea na muziki wa kutisha, papa mwenyewe asionekane vizuri mpaka zaidi ya saa nzima ipite. Watazamaji walimtengeneza papa vichwani mwao, na papa huyo alitisha kuliko yule wa mitambo.

Nguvu hii ni ya nini?

Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na lazima tujiulize anatolewa kwa nia gani.

Mwaka 1977 huko Kamiriithu, Limuru, Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii waliandaa tamthilia ya Ngaahika Ndeenda pamoja na wakulima na wafanyakazi. Mazoezi yalifanywa hadharani, na wanakijiji walikuja wakasahihisha nyimbo na lugha. Hadhira ilipewa kazi ya kufikiri juu ya maisha yake. Maonyesho yalianza Oktoba, na Novemba serikali ikayapiga marufuku. Mwishoni mwa Desemba, Ngugi wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima.

Sasa tazameni upande wa pili. Nchini Rwanda, redio iliyoitwa RTLM ilianza kutangaza mwaka 1993. Ilipendwa kwa muziki, mizaha na watangazaji walioongea kama marafiki. Ilijua kuishika hadhira barabara. Mwaka 1994 ikaipa kazi ya kuwasaka na kuwaua jirani zao. Baadaye mahakama ya kimataifa mjini Arusha ilimtia hatiani mmoja wa waanzilishi wake kwa uchochezi.

Mbinu ni zile zile. Kwa hivyo mimi hujiuliza swali moja ninapovutiwa na msemaji, awe mwanasiasa au mwenzetu anayeomba kura za ukiranja: kazi anayonipa inataka nifikiri zaidi, au inataka niache kufikiri? Aliyenifanya nicheke ana deni kwangu la kunieleza ukweli.

Zoezi

Somo bila zoezi halijakamilika, basi chukueni kalamu.

1. Andika sentensi moja ya kuanzia insha yenye methali "Akiba haiozi", bila kutaja jua, ndege wala umande.

2. Sikiliza hotuba yoyote wiki hii. Hesabu mara ambazo msemaji anaiachia hadhira nafasi ya kujibu au kufikiri.

3. Chagua tangazo la biashara unalolipenda. Je, linakupa kazi gani, na faida ni ya nani?

Leteni majibu Ijumaa. Mimi nitakuwa pale nyuma ya ukumbi.