Mada: Utayari wa Hospitali Kutumia Kumbukumbu za Kielektroniki

Kumbukumbu za kielektroniki ni taarifa za matibabu za mgonjwa, yaani historia ya ugonjwa, vipimo, dawa na mzio, zinazohifadhiwa kwenye kompyuta badala ya jalada la karatasi. Mgonjwa anayedhuriwa na penisilini anaweza kufa ikiwa jalada lake halionekani siku anapoletwa akiwa hajitambui. Kwa hiyo usiichukulie mada hii kuwa ya kompyuta tu.

Utayari ni nini?

Ukiulizwa kama hospitali fulani iko tayari, usikimbilie kuhesabu kompyuta. Hilo ndilo jibu la watahiniwa wengi, na halitoshi. Fuata njia anayopita mgonjwa: dirisha la usajili, chumba cha daktari, maabara, dirisha la dawa. Kila mahali uliza: nani anaandika, anaandika wakati gani, na umeme ukikatika anaandika wapi? Hospitali isiyo na jibu la swali hilo la mwisho haiko tayari, hata mashine zake ziwe mpya kiasi gani.

Mfano: Mosoriot

Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, kilianza kutumia mfumo wa aina hii. Vifaa vyake vilikuwa vichache: kompyuta mbili zilizounganishwa, pamoja na betri ya sola ya kutumia umeme unapokatika. Karani alimsajili mgonjwa, kisha mgonjwa akapita chumba hadi chumba na fomu ya karatasi; mwishoni taarifa zake ziliingizwa kwenye kompyuta. Zingatia kwamba karatasi haikutupwa. Matabibu hawakulazimika kuchapa huku foleni imefika mlangoni. Muda ulipopimwa kabla na baada ya mfumo kuanza, ilionekana kuwa ziara ya mgonjwa ilifupika kwa asilimia 22. Kazi iliyoanzia hapo ilichangia kuanzishwa kwa OpenMRS mwaka 2004, programu huria inayotumika leo katika nchi nyingi.

Usiri

Hapa ndipo alama nyingi hupotea. Jalada la karatasi hukaa mahali pamoja. La kompyuta hufunguliwa na yeyote mwenye nywila. Wauguzi watatu wakitumia nywila moja, haitajulikana ni nani aliyesoma majibu ya kipimo cha VVU cha jirani yake. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu taarifa za afya kuwa data nyeti. Taja sheria hii katika jibu lako.

Zoezi

Hospitali imepokea kompyuta 20. Jenereta yake haina mafuta, na ni karani mmoja tu aliyepata mafunzo. Je, iko tayari? Toa hoja nne. (Alama 8)

Dokezo: Fikiria wiki ambayo karani huyo yuko likizo.