Kompyuta Mpya Haina Mtandao: Kabla Hamjamlaumu Mtu



Kikundi kimoja ninachokitembelea kilichanga pesa miezi minane kupata kompyuta ya kuchapa barua na kujaza fomu za watu. Kijana wao alinunua vipande akaviunga mwenyewe, kwa kuwa ilikuwa nafuu. Ikawaka vizuri, lakini mtandao hakuna. Fundi akasema madabodi, yaani ule ubao mkubwa wa ndani, imekufa, inunuliwe nyingine. Mkutanoni wengine wakaanza kunong'ona kwamba kijana alinunua vitu vibovu akatia baki mfukoni.

Ubao ulikuwa mzima. Kilichokosekana ni draiva.

Draiva ni programu ndogo inayoionyesha kompyuta namna ya kutumia kifaa fulani. Windows huja na draiva nyingi, lakini si zote. Madabodi ikiwa ya juzi na Windows ikiwa ya zamani kidogo, kadi ya mtandao iko pale ila Windows haiwezi kuongea nayo. Sasa draiva iko kwenye intaneti, na intaneti yenyewe inangoja draiva. Ni kama kufungiwa nje na funguo ziko ndani.

Anzeni na macho. Waya umeingia vizuri? Kitaa kidogo kando ya tundu kinawaka? Chomekeni waya huo huo kwa kompyuta nyingine. Nayo ikikosa, basi shida ni waya au ruta. Kama mnategemea waifai, hakikisheni madabodi inayo, maana nyingi hazina. Zilizo nayo huja na antena za kufunga nyuma, na hizo watu huzisahau ndani ya katoni!

Kisha bonyezeni kitufe cha kulia cha mausi juu ya alama ya Windows, mfungue Device Manager. Mkiona Ethernet Controller au Network Controller ina alama ya njano, mgonjwa amepatikana.

Dawa iko mfukoni mwenu. Chukueni simu ya Android yenye bando, iunganisheni na kompyuta kwa waya wa USB, halafu kwenye mipangilio ya simu washeni USB tethering. Kompyuta itapata mtandao kupitia simu. Fungueni Windows Update itafute draiva. Ikishapatikana, chomoeni simu mara moja. Mimi niliwahi kuiacha usiku kucha. Asubuhi bando lote limeliwa na Windows.

Kama simu imekataa, someni jina na namba ya madabodi, imeandikwa juu ya ubao na kwenye katoni. Nendeni saiba na fulashi, mwingie tovuti ya kampuni iliyotengeneza madabodi hiyo, mchukue draiva ya LAN kwa waya, au ya Wi-Fi. Msichukue kwa tovuti zinazoahidi draiva za kila kompyuta. Nyingine huwaletea uchafu au kuwadai pesa.

Ya yule kijana ilichukua dakika ishirini, kwa simu ya mweka hazina.

Jadilianeni: Kifaa cha kikundi kikikataa kufanya kazi, nani husikilizwa kwanza, fundi au aliyetumwa kununua? Na katoni pamoja na risiti, zinawekwa na nani?